Gazeti la Kinanda Lapewa Heshima

Lisemwe mapema, kabla wenye midomo hawajaanza: Serikali ya Jamhuri ya Shwarini haijawahi kufunga gazeti. Haijawahi, na haitarajii. Magazeti ya Shwarini hufa yenyewe, kwa hiari yao, na serikali hupeleka shada la maua. Kwa hiyo haya yatakayosimuliwa kuhusu gazeti la Kinanda na mhariri wake, Havijawa Chande, yasichukuliwe kuwa malalamiko. Kinanda halikufungwa. Kinanda lilipendwa, likapendwa, mpaka likakata roho.

Lilikuwa gazeti la muziki, likitoka kila Ijumaa. Wenye umri wanalikumbuka: karatasi nyembamba, picha zenye ukungu, na wino uliohamia vidoleni mwa msomaji na kumfuata hadi kwenye ugali. Ijumaa asubuhi watu wa Kimyani, ndio mji mkuu, walijipanga kwa muuza magazeti kwa adabu ambayo hawakuwahi kuionyesha kwenye duka la mchele. Ndani yake mlikuwa na habari za bendi za dansi: nani kahama, nani kamtia mwenzake kofi jukwaani, gitaa la nani limezuiliwa na mwenye baa. Mlikuwa na vijipicha vya watu waliotafuta marafiki wa kalamu, wote wakiwa wamechana nywele kwa maji. Wakati fulani Rais alibadilisha baraza lake la mawaziri wiki ileile ambayo mpiga solo wa Mbalamwezi Jazz alihamia Nyuki Jazz. Watu walisoma kwanza habari ya mpiga solo. Inasemekana hata Rais.

Lakini ukurasa uliofanya watu wagombane ni ule ulioitwa "Neno kwa Neno". Havijawa alikuwa akimketisha mtunzi kwenye kiti, akimwambia ataje maneno ya wimbo wake polepole, bila kuimba, naye akiyaandika. Kisha anayachapa. Kabla ya hapo kila mtu aliimba alichosikia. Baa nzima ingeweza kupasuana vichwa kwa kubishana kama mwimbaji kasema mama kalia au mama kalala. Ijumaa ikifika, gazeti likitandazwa mezani, mzozo umekwisha. Aliyekosea ananunua bia, na mama, iwe kalia au kalala, anaachwa apumzike.

Sasa, Havijawa alikuwa ameolewa na mwimbaji, na hapo ndipo penye kisa.

Mumewe, Shomvi Maliki, alikuwa sauti ya kwanza ya Nyuki Jazz. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti iliyopanda juu bila kukimbia, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake mwenyewe. Siku Havijawa alipokabidhiwa kiti cha uhariri, wanaume wa bendi nyingine walicheka, wakasema, "Haya, sasa kila Ijumaa tutasomeshwa habari za bwana'ke." Havijawa akasikia. Akaapa kwamba hawatazisoma hata siku moja. Na Havijawa hakuwa mtu wa kurudia kiapo. Cha kwanza kilitosha.

Basi katika umri wote wa Kinanda, jina la Shomvi Maliki halikuchapwa. Nyuki Jazz wakishinda, gazeti liliandika "mwimbaji wao kiongozi". Picha ikipigwa, maelezo yalisema: "Kutoka kushoto: Kondo Fereji, Mbwana Tosiri, mwimbaji, na Hamadi Gogo." Kulikuwa na wasomaji wa mikoani walioamini kwamba Mwimbaji ndilo jina alilopewa na mama yake. Nyimbo zake hazikuingia "Neno kwa Neno", na kwa hiyo mji mzima uliziimba vibaya, kwa mapenzi makubwa.

Shomvi aliligeuza jambo lile kuwa utani wa nyumbani. Hakumwita mkewe kwa jina, alimwita Mhariri.

"Mhariri, mchuzi umezidi chumvi. Naomba sahihisho litoke Ijumaa."

"Lete kwa maandishi," Havijawa alijibu, akimwongezea wali.

Hivyo ndivyo walivyopendana, na walipendana sana.

*

Zama zikageuka. Nyimbo zikahamia kwenye simu, zikawa bure, na kitu cha bure hakina haja ya kusomewa habari zake. Wenye baa waligundua kwamba kijiti kidogo cha plastiki kinaweza kupiga muziki hadi asubuhi bila kuomba supu. Bendi zikafa moja baada ya nyingine. Kinanda likapungua kurasa kama mgonjwa anavyopungua mwili, kwanza mashavu, kisha mikono.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza. Kwenye simu kukaundwa kundi la Wanaolikumbuka Kinanda, likajaa watu wazito: madaktari, wakurugenzi, mabalozi. Kila Ijumaa walikumbushana walivyokuwa wakilisubiri, wakatumiana vikatuni vya nyuso zinazolia. Havijawa aliingizwa humo kwa heshima. Siku moja aliandika: "Ndugu zangu, halijafa. Toleo la leo liko mtaani." Wakafurahi kupita kiasi. Wakamjibu, "Lipige picha utuwekee humu, mama."

Ni katika miaka hiyo Shomvi alipoanza kukohoa. Daktari alimtazama kooni, akamtazama usoni, akamwambia asiimbe tena. Alikuwa na uvimbe mahali palepale sauti ilipokuwa ikipandia. Alirudi nyumbani akiwa ameandika wimbo kichwani. Kabla sauti haijazibika kabisa, aliketi uani na Hamadi Gogo, mpiga gitaa wake wa zamani, wakaurekodi kwa simu ya Hamadi, huku jenereta la jirani likinguruma.

Jioni ile alimketisha mkewe kwenye kiti.

"Leo mimi nataja, wewe unaandika," alisema kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa kama nyayo juu ya changarawe. "Wimbo unaitwa Nitaje."

Akamtajia polepole, bila kuimba:

*Nitaje, hata kwa herufi ndogo,*
*Nitaje, hata ukurasa wa nyuma,*
*Wengi wamenishangilia, mama,*
*Wewe tu hujaniita.*

Ubeti wa pili ulisema:

*Nitaje ningali nasikia,*
*Nitaje kabla mlango haujafungwa,*
*Jina langu limo kinywani mwako,*
*Ulilitunza mno, toa.*

Havijawa aliandika mpaka mwisho. Mkono ulikuwa imara, uso haukuwa.

"Uuchape," alisema Shomvi. "Na jina."

"Utaingia kwenye foleni kama nyimbo za wenzako," akajibu kwa mazoea.

"Foleni ipi, Mhariri? Watunzi wenzangu wote wamekufa. Foleni ni mimi peke yangu."

Wakacheka, mmoja kwa sauti na mwingine bila. Kisha Havijawa akalia, na kile kiapo chake cha ujana kikatoka na machozi, wala hakukiokota.

"Ijumaa," alisema. "Ukurasa wa mbele."

*

Kilichokosekana ni karatasi tu. Muuza karatasi alikuwa amechoka kukopesha. Havijawa akavaa gauni lake la mikutano, akaenda Wizara ya Utamaduni, Burudani na Utulivu.

Waziri, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Fikirini Makombo, alimpokea akiwa amesimama, leso mkononi.

"Mama yetu! Mimi nimejifunza kusoma kwa Kinanda. Nimeoa kwa Kinanda: mke wangu nilimpata kwenye marafiki wa kalamu. Ukiniambia habari za Kinanda, nalia. Unaona? Nalia."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Mara ya mwisho ulilinunua lini?"

"Kulinunua?" Waziri alishtuka kama aliyeulizwa bei ya mama yake. "Mama, kitu unachokipenda hukinunui."

Havijawa akaeleza shida ya karatasi. Waziri akasikiliza kwa makini, akawaita wasaidizi, nao wakasikiliza kwa makini zaidi. Kisha Mheshimiwa akasema jambo hili ni kubwa kuliko karatasi. Serikali haiwezi kulipa Kinanda karatasi kama ombaomba. Serikali italipa heshima.

Wapo wanaosema kwamba wiki mbili tatu kabla ya hapo ukurasa wa barua za wasomaji ulikuwa umeanza kuuliza kwa nini umeme hukatika kwenye kumbi za dansi na kamwe haukatiki kwenye hotuba. Hao ni watu wasio na shukrani. Ilikuwa sadfa.

Alhamisi, kurasa zikiwa zimepangwa tayari, picha ya Shomvi Maliki ikiwa katikati ya ukurasa wa mbele na jina lake chini, maofisa walifika kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji cha Mzee Tindwa. Waliingia wakiwa wamevua kofia. Wakasoma tamko: kuanzia dakika ile gazeti la Kinanda ni Urathi wa Taifa, chini ya Sheria ya Kulinda Vitu Tunavyovipenda. Kisha wakaizungushia mashine ya Mzee Tindwa utepe wa rangi za bendera.

"Asanteni," alisema Havijawa. "Basi tuchape la kesho."

Ofisa mkubwa akamtazama kwa huruma ya kweli. "Mama, urathi hauongezwi wala haupunguzwi. Toleo jipya la kitu cha kale linaitwa ughushi. Kifungo chake ni kirefu."

"Lakini hili la kesho lina..."

"Hakuna la kesho, mama. Ndiyo maana ya heshima."

Wakachukua zile kurasa zilizopangwa, wakazifunga kwenye kitambaa cheupe kama mtoto mchanga, wakaondoka nazo kwenda kuzihifadhi.

*

Ijumaa Shomvi aliamka mapema. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa na ukungu kwa dawa, lakini alijua siku.

"Limetoka?"

Havijawa alisimama mlangoni. Jana yake, njia nzima kutoka kwa Tindwa, alikuwa amepanga namna ya kumwambia. Alipomwona amejifuta uso na kuegemea mto, akisubiri kama watu walivyokuwa wakisubiri zamani, alikwenda kabatini, akachomoa toleo moja la miaka ya nyuma, akaketi kando ya kitanda.

"Limetoka."

"Nisomee."

Akalifungua na kumsomea kwa moyo maneno ya Nitaje, beti zote mbili, macho yake yakipita juu ya tangazo la sabuni.

"Jina limo?"

"Limo."

"Herufi gani?"

"Kubwa. Kubwa kuliko jina la gazeti."

Shomvi akanyoosha mikono, akaweka viganja vyote viwili juu ya karatasi, akaipapasa, kama mtu anayempapasa usoni ndugu aliyerudi safari. Kisha akaileta mikono yake karibu kabisa na macho, akavitazama vidole kimoja kimoja. Vilikuwa safi. Gazeti la siku ileile lilikuwa likimchafua mtu hadi kwenye kucha, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mume wa mhariri.

Akairudisha mikono juu ya karatasi.

"Siku hizi wino wenu mzuri," alisema. "Hautoki."

"Ndiyo," alisema Havijawa. "Tumebadilisha."

"Asante, Havijawa."

Hakumwita Mhariri. Alifariki wiki ileile, na wizara ikapeleka shada la maua, kwa kuwa ilikuwa nayo mengi.

*

Yaliyofuata ni furaha tupu. Hamadi Gogo, kwa majonzi, aliutuma ule wimbo kwa rafiki mmoja, rafiki akautuma kwa wengine, na kwa mwezi mmoja ukawa umeenea Shwarini nzima. Lakini simu ilikuwa mbovu, na jenereta la jirani lilikuwa limemeza silabi. Watu hawakusikia Nitaje. Walisikia Mtaje.

Chama tawala kilikuwa cha kwanza kutambua kipaji hicho. Mtaje! Nani mwingine wa kutajwa kama si Rais? Kwaya ya wizara ikauchukua, ikauongezea matarumbeta, ikasahihisha herufi ndogo kuwa herufi kubwa na ukurasa wa nyuma kuwa ukurasa wa mbele. Watoto wa shule wakafundishwa kuuimba pamoja na kupiga makofi. Mtaje, Mlezi wetu, mtaje. Ukaimbwa kwenye mikutano, kwenye harusi, kwenye ufunguzi wa visima visivyo na maji.

Havijawa akiusikia sokoni alisimama palepale, nyanya mkononi, mpaka uishe. Angekuwa na gazeti, angewasahihisha Ijumaa inayofuata. Ilikuwa kazi ya mistari michache tu.

Siku ya kulizindua sanduku la kioo la Kinanda katika Jumba la Urathi, alikalishwa mstari wa mbele. Gazeti liliwekwa limekunjwa, ili lisichakazwe na kusomwa. Waziri Makombo alitoa hotuba.

"Taifa lisilo na kumbukumbu ni kama kinanda kisicho na kinanda!" alinguruma, na watu wakapiga makofi, maana alikuwa amesimama muda mrefu. "Leo tumelifikisha gazeti hili mahali ambapo halitatoka tena!"

Kwaya ikaimba Mtaje. Mtangazaji akasema huo ni wimbo wa jadi, mtunzi hajulikani.

Havijawa akainuka, akamwendea Waziri pale pale kwenye zulia.

"Mheshimiwa, mtunzi anajulikana. Ni marehemu mume wangu, Shomvi Maliki. Na wimbo si Mtaje. Ni Nitaje. Alikuwa hamwimbii Rais. Alikuwa ananiimbia mimi."

Waziri alitoa leso, akamwita Mkurugenzi wa Kumbukumbu. Mkurugenzi alikuwa kijana msafi, mwenye bidii, na hakuwa na ubaya wowote.

"Mama, madai kama hayo tunayachunguza kisayansi," alisema kwa upole. "Chanzo kikuu cha historia ya muziki wa Shwarini ni Kinanda, na tuliyapekua matoleo yote, tangu la kwanza hadi la mwisho. Mtu anayeitwa Shomvi Maliki hayumo. Hatajwi popote. Kama angekuwa mwimbaji mkubwa namna hiyo, wewe mwenyewe usingemwandika?"

"Zile kurasa za mwisho," alisema Havijawa. "Mlizozichukua kwa Tindwa. Yumo humo."

"Hizo hazikuchapwa, mama. Kisichochapwa si chanzo."

Akarudi kwenye kiti chake. Wanasema alikaa wima kabisa, mikono juu ya mapaja, na kwaya ilipoombwa irudie, hakuziba masikio.

*

Aliporudi tena kwa Mzee Tindwa, alimkuta akichapa mialiko ya harusi kwa kimashine kidogo ambacho sheria haikukitaja. Tindwa alimkaribisha chai. Alikuwa mzee asiyependa maneno mengi.

"Hiki kinachapa kipande kiasi hiki tu," alisema, akionyesha kiganja. "Hakitoshi gazeti."

"Kinatosha ubeti?"

Tindwa akakitazama kimashine. "Ubeti mmoja na jina."

Wakachapa. Ubeti wa kwanza kipande chake, wa pili chake, na chini ya kila kimoja: Nitaje, wa Shomvi Maliki. Havijawa alichagua herufi mwenyewe. Tindwa akamwambia jina ni kubwa mno, linaubana ubeti. Havijawa akamwambia liubane.

Kisha akazipeleka karatasi kwa Bi Siwema, muuza karanga wa stendi kuu, ambaye tangu magazeti yaishe alikuwa akifungia karanga zake kwenye mitihani ya shule iliyokwisha sahihishwa. Siwema alizipokea bila kuuliza. Karatasi ni karatasi. Akazisokota pembe, akazijaza karanga, akazipanga kwenye sinia. Siku ya tatu askari wa mji alisimama, akafungua kikaratasi, akakunja uso.

"Hili ni gazeti?"

"Hizi ni karanga," alisema Siwema.

Askari akatafuna, akafikiri, akakubaliana na ushahidi.

Havijawa alikuja kila siku, akakaa kwenye benchi ng'ambo, akatazama. Watu walikula, wakakunguta chumvi, wakatupa. Vipande vya Shomvi vilipeperuka kwenye madimbwi na chini ya magurudumu. Aliwatazama watu wakimtupa mumewe, wiki baada ya wiki, wala hakumlaumu mtu. Wao hawakuwa wameapa chochote.

Hata alasiri moja mwanamke mmoja mwenye sare ya manesi, aliyekwisha nunua na kuondoka, alirudi kwa Siwema akiwa na kikaratasi kilichonyooshwa.

"Dada, karanga hizi zina mwendelezo? Hapa naona umeanza, haukuisha."

Siwema akaonyesha benchi kwa kidevu. "Muulize mama yule. Yeye ndiye mwenye karatasi."

Nesi akavuka barabara. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ubeti wa pili."

Havijawa akafungua mkoba, akampa. Nesi alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, kisha akajaribu kwa sauti ya chini, kwa tuni ile ya kwaya, ila tarumbeta hazikuwepo. Alipofika "kabla mlango haujafungwa" akanyamaza.

"Kumbe siyo wa kumsifu mtu," alisema. "Ni mtu alikuwa anaomba."

"Alikuwa anaomba."

"Akapewa?"

Havijawa, aliyekuwa amekata maneno ya watu maisha yake yote mpaka yakabaki ya lazima, akakata na yake. "Hakupewa."

Nesi akainamisha kichwa, akatazama chini ya ubeti, kwenye zile herufi zilizobana kila kitu. Akalisoma jina kwa sauti, polepole, kama linavyosomwa jina la mgeni anayeitwa kutoka kwenye benchi la wagonjwa.

"Shomvi Maliki."

Havijawa akashika ukingo wa benchi. Akamwomba alisome tena.